Keti Mara Mbili: Mwongozo Kamili wa Kulitembelea Hekalu la Ryoan-ji na Bustani Yake ya Mawe

Tenga saa tatu. Kama una dakika arobaini tu kati ya basi na basi, ni heri uende Kinkaku-ji, lile hekalu la dhahabu lililo mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa. Lile linang'aa juu ya maji, ukilitupia jicho umeshaliona. Ryoan-ji si hivyo. Kinachowavuta watu kutoka pembe zote za dunia ni uwanja wa changarawe wa kama mita 25 kwa 10, mawe 15, na ukuta wa udongo wenye madoa. Anayeingia mbio hutoka akiuliza, "Ndiyo hii tu?"

Nami niliuliza hivyo hivyo. Nilikuwa mwanafunzi Osaka, nikajiunga na ziara ya siku moja iliyotupitisha mahekalu manne, na hapa tukapewa dakika ishirini. Nilipiga picha arobaini na kitu. Usiku nilipozipitia chumbani, sikupata hata kitu kimoja ninachokikumbuka ambacho hakimo kwenye picha: si harufu, si sauti, si jinsi mbao za sakafu zilivyokuwa chini ya nyayo. Iliniuma, maana nauli ya kufika Japani si ya mchezo kwa watu wa kwetu. Wiki mbili baadaye nikarudi peke yangu, na tangu hapo nimerudi mara nyingi. Utaratibu ninaouandika hapa nimeupata kwa kurudi huko. Kiini chake ni kwamba bustani hii hukaliwa mara mbili ndani ya ziara moja, na katikati ya vikao hivyo viwili yapo mambo ya kufanya.

Ujue kwanza unaingia kwa nani

Ryoan-ji liko kaskazini-magharibi mwa Kyoto. Ni hekalu la Zen, mkondo mmoja wa dini ya Kibudha, madhehebu ya Rinzai, chini ya hekalu mama la Myoshin-ji. Eneo lenyewe lilikuwa la ukoo wa Fujiwara kabla ya bwana wa vita Hosokawa Katsumoto kulitwaa mwaka 1450 na kujenga hekalu. Miaka 17 baadaye vilizuka vita vya Onin, na mmoja wa mahasimu wawili wakuu alikuwa Katsumoto huyo huyo. Wa pili alikuwa baba mkwe wake, Yamana Sozen. Vita vilikwenda hadi 1477, sehemu kubwa ya Kyoto ikateketea, na hekalu lake likateketea pia. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1473 kabla havijaisha. Mwanawe Masamoto ndiye aliyelijenga upya mwaka 1488.

Mwaka 1797 moto mwingine uliliunguza jumba kuu, na jumba unaloliona leo lilihamishwa kutoka hekalu dogo la jirani, Seigen-in. Tangu 1994 Ryoan-ji ni mojawapo ya maeneo 17 ya Kyoto ya kale yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nayasema haya mapema kwa sababu utulivu utakaoukuta pale usikudanganye ukadhani mahali hapa hapajawahi kuona shida.

Bustani yenyewe imepangwa na nani? Hapo wataalamu wanabishana hadi leo. Mapokeo humtaja Soami, msanii aliyefariki mwaka 1525. Nyuma ya jiwe mojawapo yamechongwa majina mawili, huenda ya mafundi waliobeba mawe hayo. Hata karne ilimotengenezwa haijakubaliwa na wote.

Hatua ya 1: Maandalizi ungali nyumbani

Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza ya Japani, na huombwa kwenye ubalozi wa Japani, Dar es Salaam au Nairobi. Omba mapema, na usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Kwa Kyoto, uwanja wa ndege wa kimataifa ulio karibu ni Kansai, upande wa Osaka, si vile vya Tokyo. Kutoka Kansai treni iitwayo Haruka hukufikisha stesheni ya Kyoto kwa muda wa kama saa moja na robo au zaidi kidogo. Ukitua Tokyo, treni ya mwendo kasi, shinkansen, huchukua zaidi kidogo ya saa mbili.

Kuhusu msimu, wengi watakwambia uende mwanzoni mwa Aprili maua ya sakura yanapochanua, au nusu ya pili ya Novemba majani yanapokuwa mekundu. Ni kweli kunapendeza. Nyuma ya ule ukuta wa udongo upo mti mmoja wa sakura ambao matawi yake huning'inia na kuchungulia ndani ya bustani. Lakini ndiyo miezi ya msongamano, na barazani utakaa bega kwa bega na watu. Chaguo langu mimi ni Juni, majira ya mvua. Wageni hupungua, changarawe hulowa, ukuta hubadilika rangi, na kile kimea laini cha kijani kinachozunguka mawe, ndugu wa kile kinachoota kwenye kuta za visima vyetu, hukolea hasa. Chukua mwavuli. Januari na Februari nazo ni nzuri kwa anayestahimili baridi, na theluji ikidondoka juu ya mawe yale ni bahati yako. Epuka tu siku za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kwa kuwa Wajapani wenyewe huwa likizo.

Kama uko Dar es Salaam, yapo mazoezi unayoweza kuyafanya bila viza. Upanga kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na uwanjani pake kuna mti wa bodhi, mti mtakatifu kwa Wabudha. Hilo ni la Theravada, mkondo wa zamani zaidi kuliko Zen, na ndani utakuta mengi ambayo hutayaona Kyoto. Lakini adabu ni zile zile: viatu nje, sauti chini, na salamu kwa mtawa kabla ya kuanza kuzunguka. Nenda asubuhi moja, omba ruhusa, kaa chini ya mti ule robo saa bila simu. Ukiona robo saa ni ndefu mno, umejua mapema kazi iliyo mbele yako.

Suala la imani

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi na ndugu na marafiki, Waislamu kwa Wakristo: ukiingia humo, hujaabudu sanamu? Uamuzi wa dhamiri yako ni wako na wa wale unaowaamini. Mimi nitakueleza tu kinachotokea pale. Hakuna atakayekuomba usujudu, uwashe ubani wala utamke neno. Kuketi barazani na kutazama mawe si ibada unayolazimishwa, na bustani haina sanamu. Ukitaka kuonyesha heshima, inamisha kichwa kidogo langoni, kama unavyofanya ukiingia nyumba ya mzee. Ukiona watu wanatoa sadaka kwenye kisanduku cha mbao, unaweza kutoa au kuacha. Ukitoa, sarafu ya yen 5 hupendwa kwa sababu matamshi yake, "go-en", yanafanana na neno la udugu na mafungamano. Usipige makofi. Kupiga makofi ni desturi ya mahali pa ibada pa Shinto, dini ya asili ya Wajapani, na hapa utaonekana umepotea njia.

Chakula nacho kina maswali. Ndani ya eneo la hekalu kuna mahali panapouza yudofu, yaani tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) iliyochemshwa na mboga, ukila umeketi kwenye tatami, mikeka minene ya sakafuni, huku ukitazama bustani ndogo. Mapishi ya watawa wa Zen hayana nyama, jambo linalowapa Waislamu wengi moyo. Hata hivyo uliza kabla hujaagiza: mchuzi huweza kuungwa kwa samaki, na vionjo vya Kijapani vingine, mirin kwa mfano, vina pombe ndani. Maneno mawili, "sake" na "mirin", ukiyatamka kwa sauti ya kuuliza na kutikisa kichwa, yanaeleweka. Jambo zuri ni kwamba Kijapani kina irabu tano zile zile, a, e, i, o, u, na husomwa kama kinavyoandikwa kwa herufi zetu. Msemaji wa Kiswahili anasikika vizuri kuliko anavyodhani.

Hatua ya 2: Kufika mapema

Kuanzia Machi hadi Novemba lango hufunguliwa saa 2 asubuhi, ambayo kwenye saa na vibao vya Kijapani itaandikwa 8:00, na hufungwa saa 11 jioni. Desemba hadi Februari ni saa 2:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni. Uwe langoni kabla halijafunguliwa. Nafahamu uchovu wa safari na tofauti ya saa sita kati ya kwetu na Japani, lakini ile nusu saa ya kwanza ndiyo bora kuliko zote, kabla mabasi ya wanafunzi na ya watalii hayajaanza kushusha watu.

Kutoka stesheni ya Kyoto kuna mabasi ya JR yanayosimama Ryoanji-mae, karibu kabisa na lango. Mimi hupenda katreni ka Randen, tawi la Kitano, kana behewa moja au mawili na hupita nyuma ya nyumba za watu, karibu na kamba za nguo. Unashuka kituo cha Ryoanji, halafu unatembea kama dakika saba ukipanda taratibu. Mwendo ule wa kupanda una faida yake: ukifika, pumzi yako umeshaisikia.

Kiingilio nilicholipa mara ya mwisho kilikuwa yen 600 kwa mtu mzima. Uwe na fedha taslimu.

Hatua ya 3: Ziwa kwanza

Wageni karibu wote wakishakata tiketi hufuata mshale moja kwa moja hadi kwenye mawe. Wewe usifanye hivyo, isipokuwa umefika lango linafunguliwa na uko wa kwanza. Hapo kimbilia barazani ukaketi, ziwa litakusubiri. Kama tayari kuna watu, anza na ziwa.

Linaitwa Kyoyochi, na lilichimbwa karne ya 12, zamani kabla ya hekalu. Hapo zamani sifa ya mahali hapa ilikuwa ziwa hili na mabata wake warembo, hata likapewa jina lao. Bustani ya mawe kuwa na jina kubwa duniani ni jambo la karibuni, hasa karne ya 20. Malkia Elizabeth wa Pili alipokuja mwaka 1975 akaisifu, jina likazidi kuenea. Kwa hiyo ukianza na ziwa unafuata mpangilio wa historia yenyewe.

Lizunguke taratibu. Kuanzia Mei mayungiyungi huelea juu ya maji. Kuna kisiwa kidogo chenye mahali pa ibada pa Benten, mungu wa kike wa Wajapani, unavuka kwa daraja. Usiwe na haraka ya kuelewa kila kitu. Kazi ya ziwa ni kukupunguzia mwendo: sikiliza kama hatua zako bado zina kasi ya kituo cha basi, na kama zina kasi hiyo, zunguka tena.

Hatua ya 4: Viatu na kizingiti

Ngazi pana za mawe hukupandisha hadi jengo kubwa la jikoni la watawa, kuri, ambalo sasa ndilo mlango wa wageni. Hapa unavua viatu. Viweke kwenye rafu, pua ikitazama nje. Vaa soksi safi, zisizo na tundu, na nzito kama ni majira ya baridi, kwa sababu mbao zile hushika baridi mpaka mfupani. Usivae viatu vyenye kamba nyingi siku hiyo.

Ukivuka mlango, usikanyage kizingiti, kivuke. Ukipita penye tatami usikanyage ule ukingo wa kitambaa. Mkoba wa mgongoni uvae mbele usije ukakwaruza milango ya karatasi, ambayo ndani ya jumba kuu ina michoro ya majoka mawinguni. Simu iwe kimya kabisa. Picha zinaruhusiwa, ila stendi ya kamera iache hotelini.

Kabla ya baraza utapita karibu na kielelezo kidogo cha bustani, kimetengenezwa kwa ajili ya wasioona ili waipapase kwa vidole. Kipite bila kukitazama. Nakuomba hilo kwa dhati. Tutakirudia mwishoni.

Hatua ya 5: Kuketi mara ya kwanza

Sasa umefika barazani. Nasema baraza kwa sababu sina neno jingine linaloifaa zaidi: ni ukumbi wa mbao chini ya paa, unaolizunguka jumba, sehemu ambayo si ndani wala si nje. Mtu aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja anajua jinsi baraza inavyokaliwa. Unakaa huna unachongoja. Sisi tumezoea kuongea barazani. Hapa baraza ni ya kunyamaza, ila makalio yanajua kazi yao.

Keti ukitazama kusini, mahali popote penye nafasi. Kunja miguu au ishushe kwenye ngazi ya chini, lakini usishuke kwenye changarawe kwa hali yoyote. Mistari ile ya reki imechorwa na watawa, nyoofu kwa urefu wa uwanja na ya duara kuzunguka mawe, na unyayo mmoja unaharibu kazi nzima.

Dakika tano za kwanza akili italalamika. Itakukumbusha bei ya hoteli, ujumbe ambao hujaujibu, mtu aliyekaa karibu nawe anayepiga picha. Iache ilalamike. Wanafunzi wa Zen wanaoanza hufundishwa kuhesabu pumzi: ukitoa pumzi unahesabu moja, ukitoa tena mbili, hadi kumi, halafu unarudi mwanzo. Ukipotea njiani unaanza tena moja, bila kujilaumu. Macho hayafungwi, huachwa nusu wazi, yakiangalia chini hatua moja au mbili mbele. Fanya mizunguko mitano tu ya namna hiyo.

Halafu inua macho uyahesabu mawe. Yako katika makundi matano: kutoka kushoto kwenda kulia ni matano, mawili, matatu, mawili, matatu. Jumla 15. Lakini ukihesabu utapata 14, au pungufu. Jongea mita mbili, lile lililofichwa linatokea na jingine linajificha. Imepangwa hivyo kwamba mtu aliyeketi barazani, popote alipo, walau jiwe moja limzibwe. Katika nchi za Asia Mashariki 15 ni hesabu ya ukamilifu, kwa kuwa mwezi hupevuka usiku wa 15. Sisi husifia uso mzuri kwamba ni kama mwezi wa kumi na nne. Mara ya kwanza nilipopata 14 pale barazani, usemi huo ulinijia wenyewe, na nilifurahi kwa namna ambayo sikuweza kumweleza aliyekaa karibu nami.

Utasikia tafsiri nyingi. Wapo wanaosema ni chui milia jike anayevusha watoto wake mtoni, wapo wanaosema ni visiwa baharini, au vilele vinavyotokeza juu ya mawingu. Zisikilize, kisha zikae kando. Mimi zilinizuia kuona kwa muda mrefu, maana kila nilipotazama jiwe niliona chui wa mtu mwingine.

Badala yake, jaribu kutazama pasipo na jiwe. Mwaka 2002 watafiti wa Kyoto, akiwemo Gert van Tonder, walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa nafasi tupu zilizo kati ya makundi ya mawe. Walipochora mistari inayopita katikati ya nafasi hizo, ilijitokeza kama mti wenye matawi, na shina lake likaelekea katikati ya jumba kuu, mahali ambapo zamani mtazamaji alikusudiwa kukaa. Huuoni mti huo kwa macho, na sidhani unapaswa kuutafuta. Lakini tangu niliposoma habari hiyo, ninapoketi karibu na katikati ya baraza, nauamini ule utulivu ninaousikia, kwamba hautoki kichwani mwangu tu.

Kaa nusu saa. Watu wakiongezeka, rudi safu ya nyuma uwape wengine ukingo.

Hatua ya 6: Ukuta

Hii ni hatua ndogo lakini naomba usiiruke. Kabla hujanyanyuka, ondoa macho kwenye mawe uyapandishe ukutani.

Ukuta ni wa udongo, mfupi tu, hauzidi sana kimo cha mtu mrefu, umeezekwa kwa vipande vyembamba vya mti. Udongo wake ulichanganywa na mafuta ili ustahimili mvua. Kwa karne nyingi mafuta hayo yamekuwa yakichuruzika na kutoka nje polepole, yakaacha madoa ya kahawia, rangi ya chungwa iliyofifia, nyeusi kama moshi, na mahali pengine kijivu kama jivu la kuni. Hakuna mtu aliyeyachora.

Siku moja ya Juni nilikaa mbele ya ukuta huo mvua ikinyesha. Upande wa kushoto palikuwa na doa refu linaloshuka, juu jembamba na chini pana, na lilivyozidi kulowa likawa linang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Nilikumbuka ukuta wa jikoni kwa bibi yangu, Muheza, uliokuwa wa udongo na fito, na palipokuwa na weusi wa moshi juu ya mafiga tulikuwa tukitafuta nyuso za watu. Bibi alikataza ukuta ule usipakwe chokaa hadi alipofariki. Nilikuwa sijaufikiria kwa miaka mingi. Sikupanga kuufikiria siku hiyo pia, na nililia kidogo, kimya kimya, hakuna aliyegeuka kunitazama. Kwa hiyo ukijikuta unakumbuka mambo ya kwenu mbele ya ukuta ule, usijilazimishe kurudi Japani upesi. Kaa nayo.

Hatua ya 7: Nyuma ya jumba

Nyanyuka, fuata baraza inavyozunguka. Upande wa magharibi kuna bustani ya kijani tupu, kile kimea laini kimefunika ardhi yote chini ya miti. Baada ya weupe wa changarawe macho hupumzika hapa.

Ukifika nyuma utakuta kibirika cha jiwe cha kunawia, kimetengenezwa mfano wa sarafu ya kale, duara lenye tundu la mraba katikati. Hukiita tsukubai, neno linalotokana na kitendo cha kuchuchumaa, kwa sababu kimewekwa chini makusudi: huwezi kunawa bila kuinama, uwe tajiri au maskini. Inasimuliwa kwamba kilitolewa na Tokugawa Mitsukuni, bwana mkubwa wa karne ya 17. Kinachoonekana na wageni ni nakala. Chenyewe kiko sehemu ya hekalu isiyofunguliwa kwa wote, karibu na nyumba ya chai.

Kwenye duara hilo zimechongwa alama nne, juu, kulia, chini na kushoto. Kila moja peke yake haisomeki kama ilivyokusudiwa. Ukiiunganisha na ule mraba wa katikati, ambao kwa maandishi yao ni alama ya mdomo, zote nne zinakamilika na kusomeka: ware tada taru o shiru. Kwa Kiswahili ningesema, "Ninachokijua ni kutosheka." Wazee wa pwani wanalo neno moja kwa jambo hilo, kinaa. Ona pia ujanja wa fundi: sehemu inayokamilisha maneno yote ni tundu, na ndani ya tundu mna maji.

Chuchumaa. Utazame mraba ule kwa karibu, jinsi maji yanavyotingishika tone linapoanguka kisha yanavyotulia. Hesabu inachukua muda gani kutulia. Ukiwa na daftari, huu ndio wakati wa kuliandika: andika vitu vitano ulivyoviona barazani, bila kurudi kuhakikisha na bila kufungua picha za simu. Andika pia idadi ya mawe uliyohesabu, na mahali ulipokaa.

Hatua ya 8: Kuketi mara ya pili

Sasa rudi mbele. Wengi huona wameshamaliza na kuelekea kwenye viatu, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu.

Kaa upande mwingine na ule wa kwanza. Kama ulikaa kushoto, karibu na lile kundi la mawe matano, kaa kulia kabisa. Usihesabu pumzi safari hii, wala mawe. Fungua daftari, tazama vile vitu vitano, kisha vitafute bustanini. Kimoja au viwili utakuta ulivikosea: jiwe uliloliandika kuwa limesimama, limelala, mistari ya reki uliyodhani inapinda, imenyooka. Rekebisha kwenye daftari kwa kalamu ya rangi nyingine, usifute ya kwanza.

Kufikia hapo jua litakuwa limesogea. Kivuli cha paa kitakuwa kimepungua au kuongezeka juu ya changarawe, na upande mmoja wa mawe uliokuwa na giza utakuwa na mwanga. Watu pia watakuwa wengi zaidi. Usiwachukie kwa kelele zao. Nilijifunza hilo kwa mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa ameketi mbele yangu, wanafunzi wa shule wakaingia kwa kishindo, wakahesabu mawe kwa sauti, wakabishana, wakatoka. Yeye alisogea kidogo kuwapisha, akatabasamu, akarejea pale pale alipokuwa akitazama. Watoto wale nao walikuwa wamekuja kuyaona mawe.

Kaa tena nusu saa, au hadi miguu ikuambie.

Hatua ya 9: Kielelezo

Ukitoka, kabla ya viatu, simama kwenye kile kielelezo kidogo ulichokipita asubuhi. Kama kuna asiyeona anakitumia, mpishe kwanza amalize kwa nafasi yake, ni chake kuliko chako. Halafu fumba macho uweke mkono. Anza kushoto: matano, mawili, matatu, mawili, matatu. Hapa yote 15 yapo chini ya kiganja kwa wakati mmoja. Pitisha kidole kutoka mahali ulipoketi mara ya kwanza hadi kwenye mawe, mstari mnyoofu, uone ni lipi lililokuwa nyuma ya lipi. Ukilipata lile ulilozibwa, liguse, kisha nenda kavae viatu.